Kitabu cha Mashine Kiko Wapi? Maktaba ya Kiufundi na Kazi Yake Lamu

Mwaka jana binamu yangu alinunua mashine mpya ya boti, ile ya kuchanganya oili na petroli. Siku ya nne ikamfia katikati ya mkondo wa Manda, samaki wamo ndani na jua la saa nane liko utosini. Alivutwa kwa kamba hadi gatini. Fundi alipoifungua akamwonyesha pistoni: ubavu mzima umekwaruzika kama uliosuguliwa kwa jiwe.

"Mulitia oili kiasi gani?"

"Kama kawaida, ami."

Na kawaida yenyewe ilikuwa sahihi. Mtungi wa lita 20 za petroli, mililita 400 za oili, yaani sehemu moja kwa hamsini. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na mashine ya baba yake imedumu miaka. Lakini kitabu cha mashine hii kilisema kwamba saa 10 za kwanza, pistoni na ringi zikiwa bado hazijazoeana na silinda, oili iwe maradufu: moja kwa ishirini na tano, mililita 800 kwa mtungi uleule. Kitabu chenyewe tulikikuta nyumbani kwa mama yake, juu ya kabati, kimepangwa pamoja na vitabu vya madrasa vya watoto kwa heshima zote, bado kimo ndani ya plastiki yake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wanaposikia "maktaba ya kiufundi" hufikiria jumba kubwa la Nairobi, meza ndefu na kimya. Mimi nafikiria kile kitabu juu ya kabati. Kilikuwepo, ni halali, na jibu limo ndani. Kilichokosekana ni mtu na mahali: mtu anayejua kwamba jibu limo mle, na mahali ambapo binamu yangu angepita akauliza kabla ya kuvuta kamba ya mashine mara ya kwanza.

Maktaba ya kawaida mtu huenda kusoma. Kwenye ile ya kiufundi huenda kuuliza, tena swali ambalo mara nyingi jibu lake ni namba. Nondo ikae ndani ya zege kwa kina gani? Gesi ya friza hii ijazwe hadi presha gani? Maji ya bamvua ya wiki ijayo yatapanda mita ngapi, na saa ngapi? Mvuvi wa Lamu anajua bila kitabu kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukitimia. Anajua pia kwamba Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haupitiki maji yakipwa, na kwamba maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, hayana haja ya haraka. Rubani wa meli ya kontena hawezi kuingia bandarini kwa ujuzi huo peke yake. Anataka jedwali la maji kujaa na kupwa lenye dakika na sentimita, na ramani ya bahari inayosema kina kimepimwa kuanzia wapi.

Nikilitaja neno ramani siwezi kulipita. Wanaofuatilia asili ya maneno wanalirudisha kwenye rahmani, daftari ambalo manahodha wa Kiarabu waliandikia njia: bandari hii hadi ile, nyota gani, kina kipi, mwamba uko upande gani. Nalo limetoka kwa Waajemi, rah-nama, kionyesha njia. Kwa hiyo neno tunalotumia kila siku lilikuwa jina la kitabu cha kiufundi, kilichofungwa kwa kitambaa na kuwekwa sandukuni ndani ya jahazi. Tumebaki na neno, masanduku yameondoka.

Sasa, ndani ya maktaba ya namna hii mna nini? Vitabu vya kufundishia vimo, lakini hivyo ndivyo rahisi kuvipata kwingine. Uti wa mgongo ni karatasi ambazo mtu hanunui dukani: viwango, hataza, vitabu vya mashine, majedwali, michoro ya ujenzi, ripoti za vipimo vya udongo na maji. Kati ya hizo, viwango ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Ukitaka kuelewa kiwango ni nini, usiende Geneva, kwenye makao ya shirika la viwango la dunia. Nenda kwenye boriti. Kwa karne nyingi Lamu iliuza miti ya mikoko Uarabuni na Ghuba, hadi serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Mti ulikuwa na majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Uliuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Mjenzi aliyeko ng'ambo, ambaye maisha yake yote hajaona kichaka cha mkoko, aliagiza korija kadhaa za boriti na akajua paa lake litakaa. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu umefuata urefu ambao boriti inaweza kubeba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Neno moja likibeba kipimo kimoja kutoka msituni hadi darini, hicho ndicho kiwango. Hakuna aliyekiita hivyo.

Kilihifadhiwa wapi? Kichwani mwa wakata miti na viganjani mwa wapimaji. Baadaye watu wa misitu wakakiandika kwa sentimita: boriti ni mti wenye kipenyo cha 11.5 hadi 13.5, nguzo inaanzia 14. Siku ile kilipoandikwa, kiliingia katika maktaba. Ladha imepungua, nakubali. Ila sasa kijana wa chuo asiyekuwa na babu mkata miti anaweza kukitumia, na mnunuzi na muuzaji wakigombana kuna karatasi ya kufunguliwa mezani.

Vuka ng'ambo, uende kwenye bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kontena ya futi ishirini ina urefu wa mita 6.058 na upana wa mita 2.438, popote duniani, pamoja na matundu ya pembeni yanakoshika makucha ya kreni. Namba hizo zinatoka katika waraka wa ISO, shirika la viwango lililoanzishwa 1947, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1968. Kreni iliyotengenezwa Asia inanyanyua sanduku lililopakiwa Ulaya na kuliteremsha Lamu bila mtu yeyote kati yao kupigiana simu. Ni korija ya boriti ileile, safari hii kwa chuma.

Kiwango kisipokuwepo huonekana siku ya msiba. Tarehe 7 Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, ulishika moto. Zimamoto walikuja kutoka Washington kwa treni, wakashusha mitambo, wakakuta vichwa vya mipira yao haviingii kwenye mabomba ya Baltimore. Kila mji ulikuwa na nyuzi zake za skrubu. Wengine walifunga kwa matambara, maji yakavuja njiani. Zaidi ya majengo 1,500 yaliteketea. Hatuna haja ya kuwacheka. Mwaka 2009 moto ulipita Faza, hapa kisiwani Pate, ukala mamia ya nyumba za makuti. Sidai kwamba mpira wa maji ungeizuia Faza. Makuti yakikutana na upepo hayangoji mtu. Lakini tangu hapo kila nikisikia kwamba mahali fulani visiwani pameletwa pampu mpya, la kwanza ninalouliza ni kichwa cha mpira wake ni cha kipimo gani, na kama kinaingia kwenye pampu ya kijiji cha jirani. Watu huniona mchokozi.

Hataza nitaipitia haraka. Mvumbuzi anaambiwa na serikali: tueleze kifaa chako chote, hatua kwa hatua na michoro, nasi tutakupa miaka 20 ya kuwazuia wengine wasikiige. Wengi husikia nusu ya pili tu, ile ya kukataza. Nusu ya kwanza ndiyo inayohusu maktaba: maelezo yote yanachapishwa. London ilifungua maktaba ya ofisi yake ya hataza mwaka 1855, bure kwa kila mtu, na mafundi waliingia na mikono yao ya grisi. Kwetu kazi hiyo iko chini ya taasisi ya hakimiliki za viwanda, KIPI, jijini Nairobi. Hataza iliyokwisha muda wake ni mali ya wote. Isitoshe, hataza ina mipaka ya nchi: kifaa kilichosajiliwa Marekani tu, bila kusajiliwa hapa, fundi wa Mokowe anaweza kukitengeneza na kukiuza hapahapa Kenya bila kumwibia mtu. Pampu za upepo, mashine za kukamua nazi, vikaushio vya samaki kwa jua: michoro iko chungu nzima. Wanaoifungua ni wachache.

Kuna jambo moja linaloitenga maktaba ya kiufundi na nyingine zote, nalo ni toleo. Kitabu cha mashairi kikizeeka kinapata thamani. Kitabu cha kanuni za ujenzi kikizeeka kinaweza kumwangushia mtu ukuta. Kenya ilijenga kwa kanuni za 1968 kwa zaidi ya miaka hamsini, hadi kanuni mpya zilipotolewa 2024. Mkutubi wa ufundi anayejua kazi yake ana muhuri mwekundu wa kuandika "limepitwa" juu ya jalada, na anautumia bila huruma.

Tazama mfuko wa simiti. Nje umeandikwa 32.5 au 42.5. Wapo mafundi wazuri kabisa wanaodhani hiyo ni bei ya zamani au alama ya kiwanda. Ni nguvu: kipande cha majaribio cha simiti na mchanga, baada ya siku 28, kihimili angalau nyutoni 32.5 kwa kila milimita mraba. Anayejua hivyo hatajenga nguzo ya ghorofa kwa mfuko wa kupiga lipu ati kwa sababu punda alileta huo. Naye aliyesoma mbele kidogo atajua kwamba mchanga wa pwani wenye chumvi hula nondo kutoka ndani, na kwamba zege linaweza kupasuka miaka kumi baadaye huku lilionekana zuri siku ya kukabidhi.

Ila hapa Lamu muhuri mwekundu una shida yake. Nyumba za mji mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Matumbawe hunywa unyevu, na chokaa huuachia utoke. Ukipiga lipu ya simiti juu yake, unyevu unafungiwa ndani pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache lipu inavimba na kuanguka na ngozi ya jiwe. Nimeona nyumba iliyodumu karne mbili ikioza kwa miaka sita, kwa mkono wa fundi mwenye nia njema na simiti ya namba sahihi. Kwa fundi huyo kitabu cha sasa kilikuwa kibaya, na kizuri kilikuwa kile cha zamani: namna ya kuchoma matumbawe tanuuni, kuzima chokaa kwa maji, kuiacha iive, kuchanganya kwa kipimo gani. Kwa hiyo ukiwa Lamu, maktaba ya kiufundi inataka rafu mbili, na mtu anayejua ni swali gani linakwenda rafu ipi. Kompyuta haitambui hilo mpaka uieleze nyumba ni ya mawe gani.

Twende vyuoni sasa. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na maktaba za umma pia ziko katika orodha hiyohiyo ya kazi zao. Mikono hiyo miwili ni ya mwili mmoja, lakini mara nyingi haijuani. Katika chuo kimoja nilichowahi kukaa nacho karibu, vitabu vya mashine vilikuwa vimefungiwa kabatini ofisini ili visipotee. Havikupotea. Wanafunzi walisoma fotokopi ya fotokopi ya maandishi ya mwalimu, ambamo jedwali la vipimo limefifia hata 3 na 8 ni ndugu. Mwanafunzi akihitimu hapo anajua kufungua mashine aliyofundishwa. Akikutana na nyingine anakisia.

Na hapa ndipo elimu na kazi zinapoachana. Mtihani unamtaka mwanafunzi akumbuke. Karakana nzuri inamtaka asikumbuke: inataka aende kutazama, kila mara, hata kama anadhani anajua. Fundi wa ndege anayekaza nati kwa kumbukumbu atafukuzwa. Fundi wa friza anayejaza gesi kwa kusikiliza mlio wa kompresa, sisi tunamsifu kwamba ana sikio. Halafu barafu haishiki, samaki wa siku tatu wanatupwa, na hasara haiandikwi popote. Gesi za friza zimebadilika tangu mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni. Kila gesi ina jedwali lake la presha na joto, na sikio lililozoea gesi ya zamani halifai kwa mpya. Ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani ungetosha.

Nikisema haya vijana hunijibu kwamba yote yamo kwenye simu. Mengi yamo, kweli. Baada ya ile pistoni, mpwa wangu alitafuta kitabu cha mashine ileile akakipata kwa dakika mbili. Kilikuwa cha mashine ya jina hilohilo yenye herufi moja tofauti mwishoni, aina isiyochanganywa oili kabisa kwa kuwa ina sehemu yake ya oili. Angekifuata, pistoni ya pili ingekwenda na ya kwanza. Simu inakupa kitabu. Mkutubi anakuuliza kwanza namba iliyochongwa ubavuni mwa mashine.

Kisha kuna viwango, ambavyo vingi haviko bure. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lililoundwa kwa sheria ya 1974, huviuza, kama yanavyofanya mashirika ya nchi nyingi. Hoja yao inaeleweka: kuvitunga kuna gharama. Bado naona ni jambo la ajabu kumlazimisha mtu afuate waraka, halafu umuuzie. Kampuni ya bandarini inanunua bila kuhisi. Seremala wa Mokowe mwenye vijana wawili hawezi, kwa hiyo anafuata alichosikia. Maktaba moja ya kaunti ikinunua nakala moja na kuiweka mezani, mafundi mia wanaisoma kwa haki. Nafasi ipo: Ngome ya Lamu, iliyokuwa jela hadi 1984, leo ina maktaba ndani yake. Jela yenyewe iligeuka. Rafu moja ya vitabu vya mashine haitashinda ukuta ule.

Lakini maktaba inayotoa tu bila kupokea ingekuwa nusu. Matondoni bado wanajenga majahazi bila mchoro. Fundi analaza mkuku, ule uti wa chini, anasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, anapinda mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa jicho, na chombo kinatoka sawa pande zote mbili. Muulize kipimo, atakuonyesha mkono wake. Hakuna kasoro katika hilo hadi siku mkono unapozikwa. Tumekwisha kupoteza mtepe hivyo, chombo cha Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, na tanga la mkeka. Jumba la makumbusho la Lamu lina mifano yake midogo. Anayetaka kujenga mtepe mzima leo lazima apime mfano na kubuni yaliyobaki: kamba ilivutwa kwa nguvu gani, tundu lilizibwa na nini, ubao upi ulitangulia. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza, na nafurahi. Sijaona mtu akipiga picha, taruma kwa taruma, jahazi linalojengwa Matondoni sasa hivi, na kuandika pembeni kila kipande ni unene gani na mti gani.

Ile pistoni ilibadilishwa, kwa gharama ambayo binamu yangu hapendi itajwe. Fundi wake naye akafanya jambo. Alikitoa kitabu kwenye plastiki, akakitoboa pembe, akakitundika kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa karakana. Chini yake akaweka chupa tupu ya maji aliyoichora mistari miwili kwa rangi ya kucha ya mkewe, mmoja kwenye mililita 400 na mwingine 800, ili yeyote apitaye na mtungi apime. Juma lililopita nilimkuta kijana ameishika, anautazama mstari wa juu.

"Huu wa pili wa nini, ami?"

Fundi hakumjibu. Alimwonyesha msumari.